Vipimo vya Asubuhi

Mwenye karakana alipokuja kumwomba mke wa fundi Milimita akubali kuwa ndiye aliyempiga mumewe jicho, hakuja mikono mitupu. Alibeba mfuko wa machungwa, akauweka mezani katikati ya vitambaa alivyokuwa akishona mama huyo, akavuta kiti mwenyewe kabla hajakaribishwa. Kwa miaka sita Milimita alikuwa akimfanyia kazi, na kwa miaka yote hiyo bosi hakujua mlango wa nyumba yao unatazama wapi. Siku hiyo aliujua, tena kila baada ya maneno mawili alitia "shemeji".

Milimita alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, bandeji nyeupe imefunika jicho la kushoto, mikono magotini. Hakumtazama mkewe. Mambo yalikuwa yameshazungumzwa njiani, hilo mama aliliona kabla mgeni hajafungua kinywa.

"Shemeji, hospitali haigusi jicho lililopigwa mpaka ione fomu ya polisi," bosi alisema. "Na fomu inataka kujua aliumizwa wapi na nani. Tukiandika karakana, kesho watu wa ofisi ya kazi wako getini. Mkaguzi hatoi kibali. Bila kibali zile bunduki ni vyuma chakavu, na watu kumi na sita tunarudi kukodoleana macho majumbani. Tukiandika nyumbani, upasuaji nalipa leo hii."

"Nyumbani na nani?" mama aliuliza.

"Mko watatu tu, shemeji. Mtoto hatuwezi kumtaja."

Bunduki zenyewe hazikuwa za kuua. Karakana ilikuwa ya pampu za maji za mkono, hadi bosi alipoona ugenini watu wazima wakilipa ili wakimbizane vichakani na kupigana kwa golori laini zilizojaa rangi. Alirudi na bunduki moja mbovu ya aina hiyo, akaitua mbele ya Milimita, akamuuliza kama wanaweza kuunda za kwao. Milimita aliifungua, akaichora kipande kwa kipande, na baada ya mwaka mmoja na nusu akazaa ndugu watatu: Dondora wa watu wazima, Nyigu wa vijana, na Nyuki, mdogo na mwepesi, wa watoto wa shule. Mkewe alishona vifuniko vya mitutu na mikanda ya barakoa za kukinga macho, analipwa kwa kipande, hapo hapo mezani palipokuwa na machungwa.

Kila bunduki ilipimwa saa moja asubuhi. Mashine za kukereza chuma zikishawashwa sakafu ilitetemeka na kipima-kasi kikatoa namba za kichaa, kwa hiyo Milimita aliwahi kabla ya wenzake, akafyatua mara kumi, akaandika. Golori ya Nyuki ilitakiwa isizidi mita sitini kwa sekunde. Haikuzidi hata mara moja. Daftari la Milimita lilikuwa safi kuliko shati lake la sikukuu.

Siku ya ajali umeme ulikatika alfajiri na haukurudi, kipima-kasi kikalala. Mkaguzi alikuwa anakuja kesho yake, bosi alikuwa na haraka. Saa saba mchana alisema kasi wanaijua, kilichobaki ni kuona kama barakoa ya mtoto inastahimili. Milimita alilegeza mikanda hadi mwisho, akaivaa, akasimama hatua kumi. Ndio ulikuwa utaratibu wao: aliyeunda ndiye anayeonja. Bosi mwenyewe alichukua Nyuki aliyekuwa amelala juu ya bati uani tangu asubuhi, na mtungi wake wa gesi umefungwa kitakoni, akafyatua mara mbili upesi upesi. Golori ya kwanza ilikichomoa kioo cha barakoa. Ya pili ilipita pale kioo kilipokuwa.

Sasa, pale nyumbani, walitakiwa kutafuta silaha ya kuandikwa. Bosi alisema iandikwe ngumi, yaishe. Hapo Milimita aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Ngumi haiachi duara," alisema. "Daktari ameliona duara. Lazima kiwe kitu cha mviringo, milimita kumi na saba."

Watu walimpa jina lile kwa sababu hakuwahi kukubali neno "kama hivi". Alimwomba mkewe amletee kalipa yake ya kupimia pamoja na vitu vya jikoni. Mama alileta, hata hakujua kwa nini anatii. Mumewe alipima mchi, ukawa mnene. Akapima mpini wa kisu, ukawa bapa. Akapima ncha ya mpini wa upawa, akisogeza kalipa karibu na jicho lililobaki, akakosea mara mbili kuishika ncha, ya tatu akaipata.

"Kumi na saba na nusu," alisema, na sauti yake ilikuwa na kitu kama kuridhika. Mama alimchukia kwa dakika hiyo moja, akamchukia waziwazi moyoni, kisha akamwona anavyoipapasa tena ile ncha kwa kidole, akaona haya kumchukia.

"Heri nusu shari kuliko shari kamili, mama watoto," Milimita alisema. "Jicho likicheleweshwa linakufa."

Mama alivaa viatu, wakaenda.

Kituoni askari aliandika polepole, kila neno akilirudia kwa sauti ili benchi zima lisikie. Aliuliza kisa. Kisa hawakuwa wamekipanga. Walipanga upawa, wakapanga mahali, wakapanga saa, wakasahau kwamba mtu hampigi mwenzake bure. Mama alisema mumewe alichelewa kurudi. Askari aliweka kalamu chini, akamtazama juu hadi chini.

"Akichelewa tena utalitoa na la pili?"

Benchi lilicheka. Aliambiwa aombe msamaha kwa sauti, akaomba. Milimita aliambiwa aseme kama amesamehe na hataki kesi, akasema amesamehe. Alisema vizuri, kwa upole, kama mtu aliyekosewa kweli, na mama alihisi pale pale kwamba kitu fulani kati yao kimehama upande. Yeye aliandikwa onyo kitabuni. Mumewe aliapa kuwa aliyoyasema ni kweli, akaweka sahihi, akaweka na dole gumba.

Upasuaji ulifanyika siku ya pili yake. Daktari alisema utando wa nyuma ya jicho ulikuwa umebanduka, ameurudisha alivyoweza. Baada ya majuma matatu bandeji ilipotolewa, Milimita aliona upande huo mwanga tu, na mwanga bila umbo hauendeshi mashine ya kukereza.

Binti yao, wa miaka kumi na mmoja, hakuambiwa kitu. Bosi alikuwa ameonya kwamba mtoto hana kufuli mdomoni, na Milimita alikubaliana naye. Habari ilimfikia shuleni kupitia kwa mtoto wa mmoja wa waliokuwa benchini. Alirudi, akauliza mara moja tu, akiwa mlangoni na begi mgongoni, kama ni kweli. Mama alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa anamenya chungwa.

"Mambo ya wakubwa," mama alisema.

Tangu hapo binti alimpikia baba yake chai yeye mwenyewe, akampelekea yeye mwenyewe, na mama akipita nyuma yake jikoni alijisogeza ukutani. Hakuna lililomuuma mama kuliko kule kujisogeza. Mtaani walishampa jina, Mama Upawa, na baadhi ya wanawake walilitamka kwa sifa, wakisema angalau mmoja wetu amelipiza. Alizoea. La mtoto hakulizoea.

Karakanani Milimita alihamishiwa kwenye kupakia maboksi. Kwa jicho moja hakujua tena kitu kiko mbali kiasi gani: alimimina chai pembeni ya kikombe, akaikaribisha ncha ya kukatia kwenye chuma mpaka ikavunjika. Bosi hakumfokea. Alisema tu, "Pumzika kwanza, fundi," na kijana aliyekuwa mwanafunzi wake akakaa kwenye kiti chake. Bosi alikuwa na tabia ya panya, anauma na kupuliza, na Milimita alishukuru kila pumzi.

Hadi hapo kila mtu aliamini kosa lilikuwa la kioo. Milimita mwenyewe alikuwa ameagiza mfereji wa fremu unaoshika kioo uchimbwe milimita moja zaidi, mkaguzi akaridhika, kibali kikatoka. Nyumbani kulikuwa na Nyuki mmoja, wa mama kupimia vifuniko. Alasiri moja, jua limelala dirishani tangu asubuhi, Milimita aliichukua bunduki ile pale dirishani, akaenda nayo uani na kufyatua ukutani kwa kuua wakati tu. Alisimama. Akafyatua tena. Kisha akaja mlangoni na uso wa mtu aliyesikia msiba.

"Mlio si wake," alisema.

Hakuwa na kipima-kasi. Alifunga maboksi matupu yakapangana, akafyatua, akahesabu. Asubuhi, golori ilitoboa karatasi mbili za boksi ikafia ya tatu. Alasiri, mtungi ukiwa umekaa juani, ilitoboa tano. Alirudia siku tatu, na siku ya tatu mama ndiye aliyehesabu.

"Gesi inavimba ikipata joto," Milimita alimweleza. "Nilijua. Hata mwanafunzi anajua. Lakini tulipima asubuhi tu. Mwaka mzima na nusu, daftari zima, vipimo vya asubuhi. Kile kioo nacho nilikipima kwa Nyuki wa asubuhi. Milimita moja haitoshi."

Alisema dawa ipo: springi laini zaidi, na kizibo cha kupunguza nguvu ya gesi, kazi ya miezi miwili kwa bunduki mia tatu. Mama alimwambia aende kwa bosi. Alienda. Alirudi amebeba kibandiko cha kubandika kwenye bunduki, ndilo jibu la bosi, akakiweka mezani. Kiliandikwa kwa herufi ndogo kuliko sisimizi: hifadhi mahali penye ubaridi.

"Basi mwambie mkaguzi."

"Nimwambie nini? Kwamba kioo kilichomoka? Ataniuliza kilichomoka lini, usoni pa nani." Milimita alijikuna kichwa kwa muda mrefu. "Niliapa, mama watoto. Kiapo cha uongo ni kifungo. Mtakufa njaa wewe na mtoto."

Mama aliwaza kwamba yeye tayari anatumikia kifungo. Aliinama akaendelea kushona mikanda, na alijua fika inakwenda kufunga nini.

Kisha ikaja habari ya uzinduzi. Bosi alikodi kiwanja nje ya mji, akakizungushia wavu, akatupia ndani matairi na mapipa ya watoto kujificha. Ili magazeti yapate picha nzuri, alialika darasa zima la shule, bure. Lilikuwa darasa la binti yao.

Usiku mama hakulala, asubuhi akasema mtoto haendi. Binti alilia kama aliyefiwa. Milimita alimvuta mkewe pembeni, akamwambia amehangaika, amembembeleza bosi mpaka akakubali mchezo uanze saa mbili asubuhi. Saa tatu watoto watakuwa wameshamaliza, wanakunywa soda. Asubuhi hakuna neno, alisema. Vipimo vya asubuhi ni vya kweli. Yeye mwenyewe atakuwepo, ndiye mgawaji wa barakoa. Mama aliwaza kwamba huo ndio ujasiri pekee ambao mumewe amebakiwa nao, akauruhusu.

Saa sita kasorobo mchana alifika kiwanjani na furushi la vifuniko vilivyosalia. Alitarajia kukuta matairi yamepakwa rangi na watoto wamechafuka. Alikuta watoto wamekaa wima kwenye mabenchi, safi, wamevaa barakoa juu ya vipaji vya nyuso. Mgeni rasmi alikuwa amechelewa. Ndiyo kwanza gari lake lilikuwa linaegeshwa. Na kwenye meza ndefu za bati, juani, Nyuki thelathini walikuwa wamelala mstari mmoja tangu saa mbili.

Alimfuata mumewe. Hakuwa na haja ya kusema, alizionyesha tu meza kwa kidevu. Milimita alikuwa ameshaona. Alikuwa anapanga barakoa ambazo zilikuwa zimepangika.

"Zimekaa juani karibu saa nne nzima, baba."

"Nimemwambia bosi. Amesema mchezo wa dakika kumi."

Mkaguzi alikuwa kwenye kivuli cha turubai, mtu mzima, mwenye miwani na faili. Mama alimsalimu, akajieleza kwa ufupi: bunduki hizi zikikaa juani zinapiga kwa nguvu maradufu, na barakoa hazihimili, na jicho la mume wangu ni ushahidi. Mkaguzi alimsikiliza kwa adabu. Kisha alifungua faili, akageuza karatasi, akamtazama juu ya miwani.

"Si wewe mama wa upawa?"

Akamwambia kwamba kila ajali ya mfanyakazi humfikia, hata ya nyumbani. Alimwita Milimita. Bosi naye alisogea, akasimama upande wa jicho bovu. Watoto wa benchi la mbele walikuwa wamenyamaza, na binti yao alikuwa wa pili kutoka mwisho.

"Fundi, jicho hili ni la kazini au la nyumbani?"

Mama alisubiri. Alikuwa tayari kumsamehe yote, upawa na kituo na jina la mtaani, kwa neno moja tu.

"Ni kama ilivyoandikwa," Milimita alisema.

Mkaguzi alifunga faili. Mama alienda kwenye benchi, akamshika binti yake mkono amwondoe. Mtoto aliuvuta mkono wake kwa nguvu. "Niache, mama," alisema kwa sauti ya chini, maana wenzake walikuwa wanatazama. "Nenda nyumbani. Unataka kunipiga na mimi?"

Mbele ya lango la wavu palikuwa na ubao wa sheria. Rasimu yake mumewe aliiandikia kwenye meza ya kushonea, mama aliijua kwa moyo. Ya kwanza ilisema kwamba mtu asiye na barakoa akiwa ndani ya wavu hakuna kufyatua, awe nani awe nani. Alipita langoni na uso wake mtupu, akatembea mpaka katikati ya kiwanja, akakaa juu ya tairi.

Mwanzoni walidhani amechanganyikiwa. Bosi alikuja hadi kwenye wavu, akaita shemeji kwa utamu, kisha bila utamu. Alisema atolewe. Walinzi wawili walianza kuingia, mkaguzi akawauliza barakoa zao ziko wapi. Zilizokuwepo zilikuwa za watoto, hazikuwaenea. Mkaguzi hakuwa anamtetea mama. Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni ilikuwa pale ubaoni, na mpiga picha wa gazeti alikuwa pale pia. Alisema hapigwi mtu wala haburutwi mtu, watasubiri achoke.

Hakuchoka. Jua lilimpiga utosini, jasho likamtiririka hadi kiunoni, na kutoka kwenye mabenchi alisikia jina lake la mtaani likipita mdomo kwa mdomo na kuchekewa. Alilia kidogo, hakujificha. Saa saba ikapita. Mgeni rasmi alitazama saa yake, akapiga picha na bosi, akaondoka.

Mkaguzi hakuwa na la kufanya. Alizunguka meza, akachukua Nyuki mmoja, akaguna kwa joto la chuma. Mwisho wa meza palikuwa na kipima-kasi cha betri cha kuwaringia wageni. Aliupa wavu mgongo, akaelekeza mtutu kwenye mfuko wa mchanga, akafyatua, akainama kusoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Themanini na tisa, na mwisho wa Nyuki ni sitini. Alichukua mwingine. Tisini na mbili. Alipima sita, na wa sita alimaliza kwa mikono ya mtu mwenye hasira, kisha akanyoosha mkono kwa bosi bila kusema kitu. Bosi alielewa. Alitoa kibali mfukoni mwa koti, akampa.

Mchezo haukuchezwa. Mwalimu aliwapanga watoto, akawapandisha kwenye basi. Mama alipotoka langoni, miguu imekufa ganzi, basi lilikuwa bado halijaondoka na madirisha yalikuwa wazi. Alimsikia msichana mmoja akiuliza kama yule si mama yako. Alimsikia binti yake akijibu kwamba ni jirani yao.

Mkaguzi alimwita Milimita kwa mara ya pili. Namba zilikuwa mezani, zinasomeka. Alimuuliza kwa upole, kama anayemfungulia mlango: na jicho, fundi? Milimita aliitazama ardhi. Alisema mbele ya mkewe, kwa sauti inayosikika, kwamba ni kama ilivyoandikwa.

Siku hiyo hiyo karakana ilifungwa, bunduki mia tatu zikatiwa lakiri, na watu kumi na sita wakajua ni nani wa kumlaumu. Mume na mke walirudi kwa miguu, nauli hawakuwa nayo. Milimita alimfuata mkewe hatua moja nyuma.

"Ningefungwa," alisema mwishowe.

"Najua."

"Wewe hawakufungi. Wewe ulishaonywa tu, yameisha."

Mama aliongeza mwendo. Walifika kwenye barabara kuu, magari yanapita kwa kasi, na Milimita alisimama ukingoni, anageuza kichwa huku na huku, hajui lipi liko karibu na lipi liko mbali. Alinyoosha mkono kuutafuta wa mkewe, akaukosa, akashika hewa. Mama alimtazama akishika hewa. Kisha alimpa kiwiko, akamvusha, kwa sababu mtoto alikuwa bado anahitaji baba. Walipofika ng'ambo aliutoa mkono wake, akatangulia.